Kidonda Kisichouma

Kila asubuhi Paskazia aliwasha moto, akapika uji wa mtama, kisha akamwekea mumewe kikombe cha asali. Mumewe, Ndayisenga, alikuwa mrina asali wa Ulyankulu. Mizinga yake ilikuwa mbali, katikati ya pori la miyombo.

Mwaka ule zahanati walimkuta na kisukari. Walimpa vidonge, wakamkataza vitu vitamu. Vidonge alivimeza kwa muda, kisha akaviacha.

"Baba Jeska, dawa zako," Paskazia alimkumbusha.

"Dawa yangu ni hii," alijibu akiinua kikombe. "Sukari ni ile ya dukani. Asali inatoka kwenye maua. Hata redioni wanasema ina dawa ndani yake."

Paskazia akarudi jikoni. Yeye mwenyewe aliwahi kuona asali ikikausha vidonda vya watoto. Angebisha nini?

Siku moja ya kiangazi Ndayisenga alirudi kutoka porini, na Paskazia akaona damu kwenye kandambili. Kisiki kilikuwa kimemchoma unyayo, naye hana habari.

"Hakiumi," alisema. "Sisikii chochote."

Wakafurahi kwamba hakiumi.

Paskazia akawa anapaka asali na kufunga kitambaa safi. Juu kidonda kilifunga. Kisha nyumba ikaanza kunuka. Mara kidole kikawa cheusi, mguu ukavimba, mgonjwa akaweweseka kwa homa. Majirani wakamkimbiza hospitali mjini Tabora.

Mguu ukakatwa chini ya goti.

Paskazia alikaa kwenye benchi nje ya wodi, hana hata machozi. Muuguzi aliyeitwa Marcelina akaja kukaa naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie ukweli. Asali si dawa? Tumedanganywa?"

"Hamkudanganywa, mama, ila mliambiwa nusu. Nyuki huacha kitu ndani ya asali. Asali ikikutana na majimaji ya kidonda, kitu hicho hutengeneza dawa ya kuua vijidudu. Kuna na vitu vingine vinavyotoka kwenye maua, vinapunguza uvimbe."

"Sasa mbona mguu umeoza?"

"Vitu hivyo ni vichache, kama chumvi kwenye mboga. Sehemu kubwa ya asali ni sukari. Akiinywa, sukari inapanda kwenye damu kama ile ya dukani. Ikikaa juu muda mrefu, inaua mishipa ya fahamu, mtu hasikii maumivu. Inaharibu na mishipa ya damu, kidonda hakiponi. Wewe ulipaka juu, uozo ukaenda ndani mpaka kwenye mfupa. Asali ya kupaka haifiki huko."

Paskazia alitazama mikono yake. "Kwa hiyo ni mimi niliyemkata mguu?"

Marcelina akamshika mkono. "Hukujua, mama. Lakini mngekuja siku ile ile alipochomwa, huenda angekuwa nao. Mwenye kisukari hana kidonda kidogo. Na vidonge haviachwi."

Walirudi nyumbani na magongo. Sasa Ndayisenga alimeza vidonge kila siku, na kikombe cha asali hakikuwekwa tena. Kila jioni Paskazia aliuosha mguu uliobaki, akaukausha, akachungulia unyayo na kati ya vidole.

Mizinga ikachukuliwa na Viktori, mdogo wake Ndayisenga. Siku moja Viktori alifika, akanywa maji kata baada ya kata.

"Siku hizi nina kiu, kaka. Usiku kucha niko chooni. Na hiki kidonda cha kidole cha mguu nakipaka asali, lakini hakisikii dawa."

"Kinauma?" Ndayisenga aliuliza.

"Hata kidogo."

Ndayisenga alikunja suruali, akaonyesha kigutu. Viktori akageuza uso.

"Tazama! Na mimi hakikuniuma." Akavuta magongo. "Mama Jeska, funga mlango. Tunakwenda zahanati."

Njia nzima alichechemea mbele yao, jasho likimtoka. Viktori alipimwa, sukari ikakutwa juu. Kidonda kikasafishwa, akapewa dawa na kuonywa asitembee peku. Alirudi kila alipoitwa, hadi kidole kikapona.

Msimu wa kurina ulipofika, Ndayisenga alipelekwa porini kwa baiskeli, akakaa chini ya mti wenye mzinga, ameshika kamba ya kushushia asali. Viktori alipanda akiwa amevaa viatu. Kaka yake alizitazama soli zile, zikipanda, mpaka zikapotea kwenye majani.