Lori la Ngwali Si Dau

Ngwali wa Vitongoji alikuwa fundi wa kukalafati madau. Akiona ufa, huchovya pamba katika mafuta ya papa, akaushindilia. Maji hayaingii tena. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani, hilo hatumnyimi.

Kisha akanunua lori kuukuu. Mpira wa rejeta ulikuwa ukivuja maji. Ngwali hakuuliza mtu. Aliukalafati kwa pamba na mafuta, akajisifu sana mbele ya mkewe, Khairiya.

Jumatano walikwenda Chake Chake. Walipofika Madungu mvuke ukafoka, lori likazima. Khairiya alishuka amenuna.

"Keshokutwa tumpeleke mwanetu Moza Tumbe kwa mumewe, na watu wote wa harusi," alisema. "Kwa gari hino? Utaniaibisha, baba Moza!"

Ngwali akanyoosha mkono afungue kifuniko cha rejeta.

"Wacha, yakhe! Utaungua uso!" Aliyepiga kelele ni Jaribu, fundi wa magari wa pale Madungu. "Ngoja ipoe kwanza."

Lilipopoa, Jaribu aliiona ile pamba. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mie ndiyo kazi yangu," alisema Ngwali kwa haya.

"Ya madau, naam. Dau, maji husukuma kutoka nje. Hapa yanasukuma kutoka ndani, tena ya moto. Pamba haikai. Mpira umepasuka kwenye ncha tu. Tuuvue, tuikate ncha, turudishe."

Mpira ulishikwa na kibano, na nati yake imeganda kwa kutu. Ngwali alivuta spana mpaka jasho likamtoka. Akachukua nyundo.

"Utaivunja!" alisema Jaribu.

Aliisugua kutu kwa brashi ya waya, akatia mafuta ya taa, wakaenda kunywa kahawa. Waliporudi, aliizungusha nati kidogo, akairudisha nyuma, akatia mafuta tena. Hakutumia nguvu. Nati ikatoka.

"Subhanallah!" alisema Ngwali.

Wakakata ncha mbovu, wakarudisha mpira, wakakaza kibano, wakatia maji safi. Waliwasha injini, wakaitazama kwa muda mrefu. Halikudondoka hata tone.

Ijumaa lori lilijaa watu na vigelegele mpaka Tumbe. Moza alishuka mlangoni kwa wakwe zake, nguo zake hazina doa. Khairiya alilia kwa furaha.

"Ahsante, baba Moza," alisema mbele za watu. "Umemfikisha mwanetu."

Ngwali, kwa mara ya kwanza, hakujisifu. "Mshukuruni fundi Jaribu," alisema. "Mie nilifundishwa."