Moja Kati ya Kumi

"Moja? Moja kati ya kumi?"

Fundi wa nguo alikuwa anaongea na shati. Alitaka kulifua tu, akapekua mfuko kama kawaida yake, akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa ukurasa wa pili wa dodoso la kliniki, lile la kupima ubora wa maisha ya watu wenye maradhi ya kudumu. Juu imeandikwa: *Kwa mwenzi wa mgonjwa.* Mwandiko ni wa mumewe, kinyozi.

*Unafurahia kukaa na mwenzi wako?* Moja.

*Ungependa kuishi peke yako?* Ndiyo, mara nyingi.

Aliketi sakafuni palepale, na safari hii haikuwa kwa sababu ya baridi yabisi. Miaka mitatu viungo vinavimba, miaka mitatu mume anamfunga vifungo vya gauni kila asubuhi huku akipiga mluzi. Kumbe mwenzake anahesabu siku!

Akampigia dada yake.

"Dada, amenichoka. Ameandika kwa mkono wake."

"Yule mpiga soga? Akiacha kusema akaanza kuandika, mdogo wangu, kashaamua. Akufukuzaye hakuambii toka. Njoo kwangu."

Nguo nne, dawa, mkasi wa kazi. Kufunga zipu ya begi peke yake kulimchukua dakika tano kwa vidole vile. Simu ikalia tena, nesi wa kliniki.

"Mama, mwambie baba karatasi ya pili hajarudisha. Nataka nilinganishe na ya kwako."

"Nitamwambia," alijibu, akakata simu.

Alipofika na begi kwenye banda la kunyolea, kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado msitu.

"Fundi! Begi la nini?"

"Nakupunguzia mzigo." Akaiweka karatasi kati ya vitana. "Ungeniambia tu. Mdomo unao."

Kinyozi alizima mashine.

"Umeisoma."

"Moja, mume wangu! Hata uji uliopoa ningeupa tatu."

"Hiyo moja si yangu."

"Mwandiko wa nani, wa huyu mteja?"

"Mimi simo," mteja alisema haraka.

"Ni ya kwako, Fundi! Ukurasa wa kwanza umeeleza: mwenzi ajibu kama anavyodhani mgonjwa angejibu. Nesi anataka kuona kama najua unavyojisikia. Ule wa maumivu nilijaza, nikaurudisha. Huu..." Aliigonga karatasi kwa kidole. "Huu nilishindwa kuutoa mfukoni. Nani anampelekea nesi habari kwamba mkewe hamtaki?"

"Nani hakutaki?"

"Usiku unageukia ukutani. Nikiweka mkono, unausogeza. Miezi mitano sasa. Hata kuniita Mkasi umeacha."

Fundi alikaa kwenye benchi. Aliona aibu, akaona na nafuu, vyote kwa pamoja.

"Bega," alisema.

"Bega gani?"

"La kushoto. Mkono wako ukikaa hapo naona nyota. Nikikuambia, utahamia sebuleni, nakujua. Nikaona bora nigeuke."

"Miezi mitano nakonda kwa sababu ya bega?"

"Niliogopa utaanza kunishika kama yai. Ukishaogopa kunigusa, mimi si nimebaki mgonjwa tu?"

Mteja alijifuta macho kwa taulo lililokuwa shingoni.

"Na wewe uliandika ngapi?" kinyozi aliuliza, na ilionekana anaogopa jibu.

"Tisa."

"Moja umeipeleka wapi?"

"Huo mkono mzito."

Kinyozi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akachukua kalamu ili aifute ile moja, Fundi akamzuia.

"Iache. Nesi aone tulivyokuwa hatujuani. Tutampelekea hivyo hivyo, wote wawili."

Simu ya Fundi ikatoa mlio wa ujumbe. Ni dada: *Umeshapanda gari? Nimekutandikia kitanda.*

Fundi akaandika taratibu, kwa kidole kimoja: *Kitandue.*

Kinyozi alinyoosha mkono, halafu ukasimama hewani.

"Sasa nikushike wapi?"

Fundi akauchukua mkono ule mzito, akauweka chini ya kiwiko chake.

"Hapa hapaumi, Mkasi."