Kompyuta ya Fahardine

Rafiki yangu Hasnati alitoka Nosy Be kwenda Mahajanga kumzika kaka yake, Fahardine. Siku ya tatu baada ya mazishi, mchana, mjane wa kaka yake, Roukia, alimwambia, "Wifi, kaizime kompyuta yake. Hifadhi barua zake kwanza. Mimi chumbani mwake siingii."

Chumba kilikuwa na giza, madirisha yote yamefungwa. Hasnati hakulia wala hakuhisi kitu. Kioo cha kompyuta hiyo ya mpakato kilikuwa kimejizima kuokoa umeme, lakini feni ndani yake bado ilivuma. Aligusa kitufe ikaamka, akahifadhi barua, akaizima taratibu. Feni ikanyamaza. Akachomoa waya, akatoa betri, akashusha kifuniko.

Alipofika mlangoni alisikia vitufe vikibonyezwa nyuma yake, kimoja kimoja, chini ya kifuniko kilichofungwa.