Jozi Nane za Mama Faith

Kwetu Mjambere tulikuwa wanawake wanne tuliofanya kazi nyumbani. Tulishona shanga kwenye mikanda ya ndara. Jumatatu Pascalia, msimamizi wetu, alituletea mikanda kutoka karakana moja ya Shanzu, kila mtu jozi ishirini. Ijumaa aliikusanya.

Watatu tulikuwa na watoto. Mimi niliitwa Mama Faith. Wa nne hakuwa na mtoto, kwa hiyo aliitwa Kafedha tu.

Tulikuwa na desturi moja. Ukilemewa, unampa Kafedha jozi zako. Ukishasema, "Mtoto," hakuna wa kukuuliza zaidi.

Alhamisi moja nilimkuta mferejini akiteka maji.

"Faith ana homa," nilimwambia. "Nishikie jozi nane."

"Nane? Mama Faith, hata zangu sijamaliza."

"Wewe huna wa kukusumbua, mwenzangu. Ni wewe na sindano yako."

Aliweka ndoo chini, akaupokea mfuko wangu wa mikanda.

Faith hakuwa na homa. Jumamosi binamu yangu alikuwa anaolewa, nami nilitaka kwenda kusuka nywele.

Ijumaa tulikutana kibarazani kwangu. Kafedha alikuja wa mwisho, macho mekundu. Kati ya jozi alizoleta, sita hazikuwa na shanga hata moja.

"Kafedha, hii ni mara ya tatu unachelewesha," Pascalia alisema. "Karakana wamesema mara ya tatu mtu anaachishwa. Nitawaambia nini?"

Kafedha alinigeukia mimi.

"Faith ameamkaje? Nimemletea ndimu."

Hapo Faith akatoka ndani mbio, mdomo umejaa mahamri. "Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mwanangu." Kafedha alimgusa paji la uso. Kisha akazitazama nywele zangu mpya. Akaniwekea ndimu mkononi. Heri angenitukana.

Uso uliniwaka. Nikinyamaza, Kafedha hana kazi.

"Hizo sita ni zangu," nilisema. "Faith hakuumwa. Nilidanganya."

Wenzangu wawili waliinamisha vichwa. Mmoja akasema polepole, "Na zile za mwezi jana zilikuwa zangu."

Pascalia aliweka mikanda chini.

"Mimi nilifua nguo hotelini miaka kumi na miwili, nikilea watoto watatu," alisema. "Mzazi anastahili kusaidiwa. Lakini msaada huombwa, mtu hatupiwi tu. Na ukisaidiwa leo, kesho nawe usaidie. Asiye na mtoto naye ana nyumba yake. Mmewahi kumuuliza kwake kuna nini?"

Tulitazamana. Hakuna aliyewahi.

"Kuna baba," Kafedha alisema. "Amepooza upande mmoja. Namlisha, namgeuza, namwogesha. Nanyi mwasema sina wa kunisumbua."

Pascalia aliwaeleza karakana ukweli. Kafedha akabaki kazini, nami nikapewa onyo. Nilistahili.

Siku hizi mwenye shida husema Jumatatu, kazi inapogawanywa, awe na mtoto au asiwe naye. Anayeombwa anaweza kukataa, na hanuniwi. Ukibebewa jozi tano, siku nyingine nawe unabeba. Mtoto wa mwenzetu alipougua tetekuwanga, tuligawana kazi yake sote watatu. Hatujachelewesha tena.

Mwezi mmoja baada ya onyo lile, Kafedha alikuwa na siku ya kumpeleka baba yake kliniki. Akaniomba nimshikie jozi nane. Nilizifuata kwake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia nyumba ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo. "Wewe ndiye Mama Faith?"

"Ndiye mimi."

"Siku ile Kafedha alinihimiza nimalize uji upesi. Alisema kuna mtoto ana homa, mama yake asaidiwe. Je, amepoa?"

Kafedha alikuwa nyuma yangu, anafunga mfuko. Alisikia. Kumbe hakuwa amemwambia baba yake kwamba nilidanganya.

"Ni mzima, baba," nilisema, macho sakafuni.

Nilizichukua jozi nane. Kufikia Alhamisi, zote nane zilikuwa tayari.