Konseye Aliyekataa Kunywa Nami

Nina miaka thelathini na tisa, mjane, mlimaji wa maharage hapa Karuba. Wasomaji wenzangu, mume wangu aliuawa njiani akitoka kwenye shamba alilokataa kuuza. Aliyelitaka alikuwa parrain wetu, msimamizi wa ndoa yetu, mtoto wa kijiji hiki hiki...

Msibani alifika wa kwanza. Alilia kuliko mimi! Akaunda komite ya amani, na sifa za komite hiyo zikampa kiti cha konseye, yaani diwani, mjini.

Kwetu wanaopatana hunywa kasiksi, pombe ya ndizi, katika kibuyu kimoja. Aliyemwaga damu ya mtu hathubutu kunywa na mjane wake, maana tumbo litamvimba hadi afe. Konseye aliwanywesha watu wa Burungu, kijiji tulichogombana nacho, akaninywesha hata mimi na majirani aliowatuhumu kwa mauaji hayo. Yeye hakuonja.

“Mie niko mulokole, sikunywaka pombe,” alisema. Nilimwamini. Ningemshukuje mtu aliyebeba jeneza la mume wangu?

Msimu uliopita nilikuta vijana wake wakizungushia shamba letu seng'enge. Hapo ndipo macho yaliponifunguka... Sikulia. Chuki ilinipa nguvu ya kusubiri.

Alipokuja kuomba kura tena, nilikamua mutobe, maji ya ndizi yasiyolevya. Nikanywa mbele ya kijiji kizima, nikampigia magoti, nikamnyooshea kibuyu.

“Parrain, hii haiko pombe, hata batoto banakunywaka. Kunywa na mie, juu ya bwana yangu.”

“Mama, leo tumbo inaniuma.”

“Basi ulowanishe tu mudomo.”

Alikipokea, akakiweka chini. Mama yake mzazi akainuka kutoka kwenye mkeka, akakiokota, akanywa nami huku machozi yakimtoka.

“Kwangu usifike tena,” akamwambia mwanawe.

Kura zetu hakuzipata, na kiti kilimponyoka. Mahakama haijamgusa, lakini Karuba hakanyagi, na seng'enge yake nimefugia mbuzi wangu. Wachungaji wa kanisa wananisihi nimsamehe. Simsamehe! Natamani azeeke akiikumbuka sauti ya mama yake.

Dada zangu wajane, nawasihi, msikubali kupatanishwa na mtu asiyekunywa. Mpeni kibuyu yeye kwanza, kisha mtazameni koo mpaka mwone amemeza.