Usiijibu Hiyo Barua

"Nina miaka sitini, na sijawahi kumtii mtu yeyote anayevaa tai," Kutu alisema kwenye maikrofoni, jasho likimtiririka mpaka kwenye pini alizochomeka masikioni. "Kama mnabisha, waulizeni polisi wa mwaka themanini na moja."

Baa ya Shuttle ikaitikia kwa kupiga viatu sakafuni. Ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, kwa sababu mashabiki wa bendi ya Meno Mabovu siku hizi wanapenda kuwahi kulala, na mpiga ngoma alikuwa amebadilishwa goti mwezi Machi. Lakini gitaa lilipolia, wale wazee arobaini wenye vipara walirukaruka kama wamekanyaga makaa. Punk, ule muziki wa fujo na wa kukaidi wakubwa, ndivyo ilivyo katika mji wa Calderby, mvua inanyesha nje na watu wazima wanasukumana ndani kwa upendo.

Nyuma ya kaunta alisimama Lorraine, mwenye baa, miaka hamsini na saba, nywele za zambarau. Kutu aliposhuka jukwaani akamsogezea bia.

"Hujawahi kumtii mwenye tai," Lorraine alisema. "Na yule hakimu uliyemwambia 'nisamehe mheshimiwa, sitarudia'?"

"Siku hiyo nilikuwa na mafua."

"Mafua ya magoti?" Akacheka, halafu akafuta kaunta mahali palipokuwa pasafi. "Kutu, tuoane. Jumanne twende kwa msajili, tuandikishe majina, tumalize. Nimechoka kukuita jamaa yangu mbele ya daktari wa meno."

"Mpenzi, punk gani anaoa kwa karatasi ya serikali?"

"Leseni yako ya gari imetolewa na nani, na malaika?"

"Hayo ni mambo ya usalama barabarani."

Lorraine akacheka tena, kicheko kidogo kuliko cha kwanza. Mwaka wa nne huo walikuwa pamoja, na hakujua jina la Kutu la kwenye cheti. Msimwone mjinga. Kwa watu wa punk, ukishapewa jina la jukwaani, kuulizwa jina lako halisi ni sawa na kupekuliwa mifuko. Lorraine alikuwa amezika marafiki wawili ambao majina yao aliyasoma mara ya kwanza kwenye jeneza. Alichojua ni kwamba Kutu anabeba makasha kwenye ghala, mji wa jirani.

Sasa twende Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Kutu ameosha sabuni iliyosimamisha nywele zake, amezilaza upande kwa kitana, amevaa shati jeupe, na shingoni, wasomaji wangu, ana tai ya bluu. Kifuani kinaning'inia kitambulisho: N. Ormerod, Afisa wa Kudhibiti Kelele, Halmashauri ya Mji. Mwaka wa ishirini na mbili kazini.

Alikusudia kumwambia Lorraine wiki ile ya kwanza. Halafu akasema mwezi wa kwanza. Halafu uongo ukazoea nyumba, ukajivutia kiti, ukaketi.

"Bwana Nigel, njoo usikie," Priya akamwita. Priya alikuwa mwenzake wa meza ya pili, miaka ishirini na sita, na masikio makali kama ya paka. "Ile mashine uliyoweka kwa Bi Entwistle. Ilikuwa iishie Ijumaa, bibi wa watu hakuizima, imerekodi hadi jana."

Bi Entwistle alikuwa mjane aliyekaa kwenye kiwanda cha zamani cha pamba kilichogeuzwa makazi, dirisha lake likitazamana na Shuttle. Malalamiko yake yalipofika ofisini, Kutu aliyachukua mwenyewe haraka haraka. Alidhani akiwa yeye ndiye mlinzi wa geti, geti litabaki wazi.

Priya akabonyeza. Gitaa likakwaruza, na sauti ikatoka: "...sijawahi kumtii mtu yeyote anayevaa tai..."

Kutu akaishika tai yake bila kujua.

"Desibeli tisini na mbili, dirishani kwa mtu," Priya akasema. "Na huyu mzee anabweka, huwezi hata kujua ni sauti ya nani. Baba yangu naye alikuwa punk. Leo ana bima ya meno na anapalilia nyanya. Mimi naona ule ukaidi ulishakufa, zimebaki fulana. Wewe unaonaje?"

"Mimi mambo ya muziki sijui."

"Haya. Ilani ya kuzuia kelele, nasaini mimi au unasaini wewe?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa hapo. Angesema tu: mwenye baa ni mpenzi wangu, faili hili mpe mwingine. Lakini Priya angeuliza mengi, na Lorraine angejua yote.

"Nitasaini mimi," Kutu akasema.

Jumatano jioni walikuwa kwa Lorraine, juu ya baa, wanakula chipsi zilizomwagiwa mchuzi mzito. Lorraine akaitoa barua chini ya chupa ya siki.

"N. Ormerod," akasoma. "Huyu ni mdudu gani?"

Kutu akatafuna chipsi moja kwa muda mrefu sana. "Wako wengi huko."

"Anasema nina siku ishirini na moja za kukata rufaa au kuandika maelezo. Kutu, nataka niende. Nikae naye uso kwa uso, nimwambie naweza kuweka magodoro ukutani, naweza kuhamisha spika. Labda ni mtu anayesikia."

Hapo ndipo Kutu alipoiona picha nzima: Lorraine kwenye kaunta ya ofisi, na yeye mbele yake, kitambulisho kifuani, tai ya bluu.

"Usiende," akasema. "Na usiijibu hiyo barua."

"Nisiijibu?"

"Mwaka themanini ungeifanya nini?"

"Mwaka themanini ningeichana, halafu ningeila."

"Basi."

"Mwaka themanini sikuwa na baa, Kutu. Nilikuwa na mbwa na baiskeli ya wizi."

"Kwa hiyo ukipata mali ndiyo unaanza kupiga goti? Ndivyo wanavyotumaliza, mpenzi. Wanakupa kitu kidogo, halafu wanakutisha nacho."

Alijua kuongea, Kutu. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yalichoma vizuri. Lorraine akamtazama, akaichana barua mara moja, mara ya pili. Kesho yake akavibana vile vipande kwa pini ukutani pale chini, na wateja wakampigia makofi. Mtu mmoja akapiga picha. Lorraine akatabasamu kwenye picha, lakini macho hayakuwepo.

Siku zikaenda. Kutu alikwenda kwa Bi Entwistle mara tatu, kikazi, akanywa chai, akarudi ofisini. Jumamosi alipanda jukwaani kama kawaida, akaimba kwa nguvu zaidi, na wenzake wakamsifu wakidhani ni hasira.

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, simu ya mezani kwake ikaita. Kutu akaitazama namba. Aliijua kuliko ya mama yake.

"Hupokei?" Priya akauliza.

"Ni wale wauza madirisha kwa simu."

Simu ikaita, ikaita, ikanyamaza. Baada ya dakika moja ya kwake ya mfukoni ikatetemeka.

*Nimesoma namba kwenye vile vipande ukutani. Nimepiga ofisini, hakuna anayepokea. Zimebaki siku mbili. Naogopa, Kutu.*

Akaandika: *Lorraine, Ormerod ni mimi.*

Akayatazama maneno yale manne. Yalikuwa mafupi, yalitosha skrini, yalihitaji kidole kimoja. Akayafuta, herufi moja baada ya nyingine, na mahali pake akatuma: *Usiwaombe. Wakija nitalala mlangoni.*

Jibu likaja haraka: *Sitaki ulale mlangoni. Nataka ulale ndani, ukiwa mume wangu.*

Kutu akaenda chooni, akafungua bomba, akasimama pale mpaka Priya akaja kugonga.

Siku ya ishirini na mbili ikapita kama siku nyingine yoyote. Ilani ikawa ya kudumu: hakuna muziki wa bendi Shuttle, na mashine ilipopima tena na kukuta bendi inapiga, faili likaenda mahakamani. Kampuni yenye jengo haikutaka mpangaji mwenye kesi. Lorraine akaambiwa aondoke ifikapo mwisho wa mwezi.

Jumamosi ya mwisho hapakuwa na bendi. Wateja walikuja mchana, wakakumbatiana, wakabeba kila mmoja bango moja la kumbukumbu, wakaenda zao. Walibaki wawili. Lorraine alikuwa anafungasha bilauri kwenye magazeti. Kutu, nywele zimesimama wima kama za kijana, alikuwa anakunja nyaya za spika.

"Unajua kinachoniuma?" Lorraine akasema. "Siyo baa. Baa ni matofali. Kinachoniuma nilikuwa na hoja. Nilikuwa na hoja nzuri kabisa, na sikuandika hata mstari mmoja, kwa sababu niliogopa utaniona nimezeeka."

"Sijawahi kukuona umezeeka."

"Hebu niambie ukweli. Huu ukaidi wetu bado upo, au ni mazoea tu? Tulikataa kila kitu tukiwa na miaka kumi na sita, na nadhani tulikuwa na sababu. Sasa tunakataa kwa sababu ndivyo tunavyovaa."

"Upo," Kutu akasema. "Kwako upo."

"Na kwako?"

Kutu akauweka waya chini. "Lorraine, kuna jambo..."

Mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamke mfupi mwenye koti la mvua, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine sahani iliyofunikwa kitambaa. Kutu akainama nyuma ya spika akijifanya anatafuta kitu.

"Wewe ndiye Lorraine?" mgeni akauliza. "Ongea upande huu, mwanangu, sikio la kushoto nililiacha kwenye mashine za kufuma. Naitwa Bi Entwistle, wa hapo ng'ambo. Nimekuletea keki ya tangawizi. Na nimekuja kuomba radhi, maana mimi ndiye niliyelalamika."

Lorraine akasimama na bilauri mkononi. "Ulikuwa na haki yako, mama."

"Sikutaka wakufungie. Nilitaka Alhamisi tu. Alhamisi jioni dada yangu ananipigia kutoka Kanada, na kwa bendi zenu za jioni hiyo nilikuwa nasikia nusu ya maneno. Siku nyingine pigeni mpaka paa litoke, mimi nimezeekea kwenye kelele za kiwandani. Na nilimwambia hivyo hivyo yule bwana wa halmashauri."

"Ormerod," Lorraine akasema, kama anatema mbegu.

"Usimseme vibaya. Mtu wa watu yule. Kaja kwangu mara tatu, kanywa chai, kanitengenezea na bomba lililokuwa linavuja. Mara ya mwisho nilimwambia, jamani, msimuumize mama wa watu. Akaniambia, usihofu, Bi Entwistle, mwenye baa akiandika barua moja tu kabla ya siku ishirini na moja, tunapanga Alhamisi iwe kimya na mambo yameisha. Barua moja. Nikawa nachungulia dirishani kila asubuhi nikiona mtu wa posta, nasema leo ameandika."

Lorraine akaiweka bilauri mezani polepole sana.

"Barua moja," akasema.

"Moja tu. Alisema ni jambo la nusu ukurasa."

"Mimi niliambiwa nisijibu, mama. Niliambiwa kujibu ni kupiga goti."

"Na nani huyo mjinga?"

Lorraine hakumtaja. Aligeuka tu kutazama zile spika, na uso wake ulikuwa bado wa mtu anayemlinda mpenzi wake mbele ya wageni. Hicho ndicho Kutu alichokuja kukikumbuka baadaye kuliko maneno yote, kwamba hata hapo Lorraine alikuwa bado anamlinda.

Bi Entwistle akaiacha sahani kaunta, akafunga kifungo cha koti. "Basi nisikucheleweshe. Umenisamehe?"

"Nimekusamehe, mama. Asante kwa keki."

Bibi akaanza kurudi mlangoni, fimbo mbele, na pale katikati ya sakafu ulikuwepo ule waya ambao Kutu aliuacha bila kuukunja, umejinyoosha kama mtego. Fimbo ikaupita. Mguu ukawa unaufuata. Kutu alikuwa na sekunde moja ya kuchagua kunyamaza, na mwili wake haukuchagua.

"Angalia mguu hapo, mama, kuna waya," akasema, tayari ameinuka, tayari amemshika kiwiko.

Bi Entwistle akauvuka waya kwa uangalifu, bila hata kuinua kichwa.

"Asante, Bwana Ormerod," akasema.

Halafu akasimama, kwa kuwa mkono ule haukumwachia kiwiko. Akaitazama ile mikono, akapandisha macho kwenye koti la ngozi, kwenye pini, kwenye zile nywele.

"Ni wewe kweli," akasema kwa furaha. "Sikujua nawe ulikuja kumuaga."

Kutu akageuka. Lorraine hakuwa amesogea. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma barua, mstari kwa mstari, bila haraka ya kufika kwenye jina la chini.

"Ile siku niliyopiga simu," akamuuliza kwa sauti ya chini, "ulikuwa hapo mezani?"

Bi Entwistle akamtazama huyu, akamtazama yule, na taratibu tabasamu lake likaondoka.

"Nilikuwa hapo," Kutu akasema.