Majivu Kwenye Tundu la Senti

Mujib alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kaunta ya duka lake la Malaba, kisogo kimepasuka. Kando yake palikuwa na jiwe la mizani lenye damu. Karatasi zilizofungia vibunda vya sarafu zilikuwa zimechanwa, na senti kumi za kikoloni, zile zenye tundu katikati, zimetapakaa sakafuni. Ziling'aa kama sufuria za bibi harusi.

Inspekta Okedi alichuchumaa. Tangu mwaka huo wa 1999 uanze alikuwa amechoka na maiti za mpakani, na huyu alimfahamu.

"Pesa ziko kwa droo, afande," alisema Koplo Wesonga. "Mlango haukuvunjwa."

Basi muuaji alifunguliwa mlango. Majirani walisema Mujib alinunua vibunda hivyo kwa mtandao wa kompyuta, kutoka kwa Mwingereza asiyemjua hata sura, ili awauzie wakusanyaji wa sarafu za kale wa Nairobi. Ili viagizwe, mdogo wake Jamiru aliuza shamba lake la Funyula. Hakuwa na jingine.

Okedi aliokota senti moja. Ndani ya tundu palikuwa na majivu. Dukani hapakuwa na jiko, na kucha za marehemu zilikuwa safi.

Jamiru aliletwa kituoni kutoka Busia.

"Mara ya mwisho ulikuja Malaba lini?"

"Kitambo, boss. Hata hizo coins sijawahi ziona."

"Sasa ni zako. Si utaziuza?"

"Nani atanunua? Zimesuguliwa zote!"

Okedi aliweka kalamu chini. "Nani amekuambia zimesuguliwa?"

Jamiru alisukuma kiti nyuma. Okedi alimpa onyo la kisheria, lakini maneno yalikuwa yameanza kumtoka.

"Collector anataka ule weusi wa zamani, boss. Ukiutoa, hiyo ni takataka. Nilimuuliza Mujib nani amefanya huu ujinga. Akasema, ni mimi, nipige ukitaka. Shamba yangu imeenda, boss! Nikashika jiwe. Nilipiga mara moja tu."

"Si yeye aliyezisugua. Kucha zake zilikuwa safi."

"Alisema ni yeye!"

Mlango uligongwa. Mama yao, Janat, aliingia taratibu akiwa na fundo la leso mkononi. Alijua mwanawe mmoja amekufa. La huyu wa pili alikuwa bado hajaambiwa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa majivu.

"Afande, hizi senti Mujib aliniachia nyumbani. Zilikuja chafu, nikaona aibu wageni wazipokee hivyo. Nimezisugua zote kwa majivu na ndimu, kama zile za dukani." Akamgeukia Jamiru. "Chukua, baba. Uza, tumzike ndugu yako."

Jamiru aliinamisha kichwa mezani. Mama bado alikuwa amenyoosha mkono, na hapakuwa na mwingine wa kuipokea ile leso, Okedi akaipokea yeye.